Ziwa Nakuru: Yasome Maji Kwanza

Anayekwenda Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru kutazama ndege huuliza swali moja akifika langoni: flamingo wapo? Swali hilo lina asili yake. Kwa miongo mingi sifa ya Nakuru ilikuwa ni ufuo wa waridi, heroe (ndio flamingo) kwa malaki, na Roger Tory Peterson, Mmarekani aliyechora na kuandika vitabu vya kutambulia ndege, aliwahi kuuita mkusanyiko huo tamasha kuu la ndege duniani. Lakini mgeni anayeingia na swali hilo peke yake mara nyingi hutoka amenuna kabla ya chakula cha mchana, na huku amepitwa na makumi ya aina za ndege bila hata kusimamisha gari. Mimi hushauri watu waulize jambo jingine: maji yamefika wapi mwaka huu? Jibu lake ndilo litakalokuambia uje mwezi gani, ukae upande upi wa ziwa, na utarajie kumwona nani.

Nakuru ni ziwa lisilo na mto unaotoka. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia, chemchemi za Baharini huchangia, kisha maji hubaki hapo yakisubiri kukaushwa na jua. Ndiyo sababu ni ziwa la magadi. Maji yakipungua, magadi hukolea, na mwani mdogo sana uitwao spirulina hustawi hadi ziwa likawa la kijani kizito. Huo ndio mlo wa heroe mdogo. Mvua zikifuatana miaka kadhaa, magadi huzimuliwa, mwani hupungua, na heroe huondoka, mara nyingi usiku, kuelekea Bogoria, Elementaita au Natron kule Tanzania. Hawajatoweka wala hawajafa. Wamehamia penye chakula.

Ziwa hili limepita katika hali zote mbili mbele ya macho ya watu walio hai. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikalijaza tena. Tangu karibu 2010 limekuwa likipanda pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, likameza barabara za ufuoni, likaingia hadi lango kuu na ofisi zikabidi kuhamishwa. Eneo la maji lililokuwa takriban kilomita za mraba 40 lilifika zaidi ya 60. Ukiona ramani ya zamani inayoonyesha barabara ikizunguka ziwa kwa karibu, usiitegemee. Waulize maaskari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walio langoni ni njia ipi inapitika leo, na papo hapo waulize maji yanapanda au yanashuka. Wanayaona kila siku na watakujibu vizuri kuliko kitabu chochote.

Sasa, maji yakiwa juu, tazama miti. Migunga ya manjano iliyokuwa msitu wa ufuoni imezama ikafa wima, na matawi yake makavu yamekuwa makao ya minandi. Huwakuta wamekaa wametandaza mabawa wakiyakausha. Furukombe hupenda kilele cha mti wa namna hiyo, na sauti yake utaisikia kabla hujamwona: hurusha kichwa nyuma na kupiga ukelele unaovuka ziwa zima. Mdiria mweusi na mweupe huelea hewani juu ya maji, mabawa yakipiga mahali pamoja, kisha hujitupa chini kichwa kikitangulia. Maji yakiwa chini, achana na miti, tafuta matope. Ukanda wa tope jipya, lililoachwa na maji wiki chache tu zilizopita, ndio meza ya vitwitwi, ya heroe, na ya korongo wa kila aina.

Mahali pamoja hufaa maji yakiwa juu au chini: pale mto au chemchemi inapoingia ziwani. Heroe hula kwenye magadi lakini huhitaji maji baridi ya kunywa na kuogea, na bata vilevile. Kama una saa mbili tu mbugani, zimalize hapo.

Kabla ya kufika huko kuna mambo ya vifaa. Darubini ndiyo kila kitu, na si lazima iwe ya bei kubwa. Itafute yenye maandishi 8x42: nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na upana huo ndio unaoingiza mwanga wa alfajiri. Usishawishike na muuzaji anayekusifia darubini ya kukuza mara ishirini. Mkono wako utatetemeka na picha itaruka. Ukishaipata, itengeneze kwa macho yako mwenyewe, jambo ambalo wengi hawalifanyi kamwe kisha wakasema darubini ni mbovu. Chagua kibao chenye maandishi mbali kidogo. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi herufi zikae wazi kwa jicho la kushoto. Halafu funga la kushoto, usiguse tena gurudumu, bali zungusha pete iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia hadi nalo lione sawa. Kuanzia hapo gurudumu la katikati pekee litakutosha. Mvaa miwani akunje au ashushe mpira wa kwenye vioo vya macho, la sivyo ataona kijitundu tu.

Halafu namna ya kuinyanyua. Ukimwona ndege, usiinamishe macho kuitafuta darubini. Mkazie ndege macho, lete darubini usoni bila kugeuza shingo, na utamkuta humo ndani. Jizoeze nyumbani kwa kunguru na njiwa. Mbugani unatazamia dirishani, kwa hiyo chukua kijifuko cha kitambaa, kijaze mchele au maharagwe, ukiweke kwenye ukingo wa dirisha na uegemeze mikono. Injini izimwe kabisa. Gari likinguruma, hata taratibu, picha hutikisika na ndege wadogo hawatulii.

Hilo la injini lizungumzwe mapema na dereva. Madereva wa watalii wamezoea wateja wanaotaka faru na simba, na Nakuru ina wote wawili, hivyo hukimbiza gari kufuata habari za redioni. Mwambie kabla hamjaingia: leo tunakaa ukingoni, tutasimama nusu saa mahali pamoja, hatufuati simba. Dereva akishaelewa huwa msaada mkubwa, kwa kuwa wengi wao wanawajua ndege vizuri na huwa hawapati mtu wa kuwauliza.

Ingieni lango linapofunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Ziwa liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo vaa sweta zito hata kama Nakuru mjini ilikuwa na joto jana mchana. Asubuhi simama upande wa mashariki ukitazama magharibi, jua likiwa mgongoni mwako. Rangi zitakuwa wazi, na mdomo na miguu utaviona bila shida. Ukikosea upande, ndege wote watakuwa vivuli vyeusi juu ya maji yanayometameta. Alasiri geuza: nenda magharibi. Saa za katikati ya mchana, upepo unapoanza kuchafua maji, panda kwenye majabali ya Baboon Cliff. Hapo mtu huruhusiwa kushuka garini, na unaliona ziwa lote na mahali makundi yalipo, ukapanga alasiri yako. Kuna pimbi juu ya mawe. Ukiwaona, tazama angani pia, maana kuna tai mweusi ambaye riziki yake karibu yote ni pimbi. Chakula kileni mkiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Nyani wa hapo hawaombi, wananyang'anya.

Kuhusu misimu, mwaka wa mtazama ndege Nakuru haufuati kalenda ya mtalii. Watalii wengi huja Julai na Agosti. Mimi ningekutuma kati ya Novemba na Machi, bila kusita.

Miezi hiyo wageni kutoka kaskazini wako hapa. Wa kwanza huanza kuonekana mwishoni mwa Julai na Agosti, wengi hutua Septemba na Oktoba, na ikifika Novemba ufuo umejaa. Mbayuwayu wa Ulaya hufagia wadudu juu ya majani. Ndege mdogo wa manjano mwenye kutikisa mkia hukimbia miguuni pa nyati akidaka nzi wanaorushwa na kwato. Bata wenye mdomo mpana huogelea wakichuja maji. Angani hupita tai wa nyika za Asia na korongo weupe wa Ulaya, wakizunguka kwenye hewa ya joto. Lakini wanaostahili muda wako ni wale wa matopeni, vitwitwi, ambao watu wengi huwapita kwa sababu wote wanaonekana wa kijivu na wote wanakimbia.

Usiwatambue kwa rangi. Msimu wa kiangazi rangi zao zimefifia kweli, na kitabu kitakuchosha. Anza na ukubwa, kisha miguu, kisha mdomo, kisha tabia. Mdogo kuliko wote, asiyezidi shomoro, anayedonoa haraka haraka bila kupumzika kana kwamba anafukuzwa, ni kitwitwi anayezaa kwenye nyanda za barafu za kaskazini mwa Urusi na Skandinavia. Uzito wake ni gramu 25 hivi, na amefika hapa kwa mabawa yake. Mwenye miguu mirefu ya kijanijani na mdomo mwembamba ulionyooka hutembea ndani ya maji kwa hatua za taratibu. Mwenye miguu mirefu kupita kiasi, ya waridi iliyoiva, na mgongo mweusi juu ya kifua cheupe, huwezi kumkosea hata mara moja. Huyo huonekana mwaka mzima. Mwenye mdomo uliopinda kwenda juu huufagisha kulia na kushoto ndani ya maji. Ukiona kundi ambalo nusu yao ni wakubwa na nusu ni wadogo, wote wenye shingo ndefu, kichwa kidogo na manyoya ya mgongoni yenye magamba, usidhani ni aina mbili: ni madume na majike ya aina moja, na dume humzidi jike kwa mbali. Na yule mwenye rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, anayepiga kelele ya nyundo ikigonga chuma ukimsogelea, ni mwenyeji. Akianza kukupigia kelele ujue kuna mayai au makinda karibu. Rudi nyuma.

Machi ikikaribia kwisha na Aprili ikianza, rudi ufuoni hata kama mvua imeanza. Wageni hao wanajiandaa kuondoka na wanavaa mavazi ya uzazi: kitwitwi mmoja wa kijivu mwenye mdomo uliojikunja kidogo chini anageuka mwekundu wa matofali, mdogo kuliko wote anapata ukahawia wa kutu. Hizo ni wiki chache ambazo kazi ya kuwatambua inakuwa rahisi na ya kupendeza, na karibu hakuna mtu mbugani.

Masika, Aprili na Mei, watu wengi huogopa matope, na kweli kuna barabara hazipitiki. Ila huo ndio msimu wa wenyeji. Minana madume, ambao kwa miezi mingi walikuwa na rangi hafifu isiyowatofautisha na majike, sasa ni manjano matupu, wakisuka viota vinavyoning'inia juu ya maji. Simama mbele ya mti mmoja wa viota usiondoke. Dume husuka, huning'inia chini ya kiota akipiga mabawa kumwita jike, jike huja, huingia, huvuta vuta majani kwa mdomo, na mara nyingi huondoka. Kiota kilichokataliwa hufumuliwa na mwenyewe au huachwa kikauke. Ukisikia karibu na hapo mlio wa juu unaopanda na kumalizikia kwa mtikisiko, tafuta kekeo wa kijani kinachong'aa: jike lake hutaga kwenye viota vya minana, na amefika kwa sababu yao. Kekeo mwingine, mwenye kifua chekundu na mlio wa noti tatu zinazoshuka, huanza kulia mvua inapokaribia, na wakulima wengi wa Bonde la Ufa humsikiliza wanapoandaa mashamba. Kumsikia ni rahisi, kumwona ni kazi. Kaa kimya chini ya mti mkubwa, tazama matawi ya kati, wala usimfuate kila anapohama.

Juni hadi Agosti ni baridi, na Nakuru hupata mvua nyingine Agosti, jambo linalowashangaza wageni wa Nairobi. Wageni wa kaskazini hawapo, isipokuwa wachache ambao hawakwenda kuzaa, na wale wa kwanza wanaoanza kurudi mwishoni mwa Julai. Hapo ndipo ninapowapa mwari muda wangu wote.

Mwari wa Nakuru wana historia ambayo kila mtazamaji aijue. Ziwa hili halikuwa na samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 tilapia mdogo wa Ziwa Magadi, anayestahimili magadi, aliletwa ili ale viluwiluwi vya mbu. Aliongezeka, na mwari wakaja kumfuata. Mwari mweupe huzaa Elementaita, na wazazi huruka hadi Nakuru kuvua kisha hurudi kulisha. Ukitaka kuwaona wakisafiri, tazama angani kuanzia saa nne asubuhi, hewa inapopata joto. Hupanda kwa kuzunguka bila kupiga bawa, kundi zima likigeuka pamoja, jeupe, kisha jeusi, kisha jeupe tena, hadi wanakuwa nukta.

Wakiwa majini, tofautisha wawili. Mwari mweupe ni mkubwa, na huvua kwa ushirika. Dazeni au zaidi hujipanga kwa umbo la kwato la farasi, husonga mbele wakisukuma samaki kuelekea kina kifupi, halafu vichwa vyote huzama kwa wakati mmoja, mikia juu, na vyote huibuka kwa wakati mmoja. Mwari mwenye mgongo wa waridi ni mdogo, wa kijivu, na huvua peke yake, akinyata. Ukishajua hivyo, unaweza kuwatenga kwa mbali sana, hata pale ambapo rangi haionekani.

Heroe nao, wakiwapo, wanahitaji jicho lilelile. Mkubwa ni mrefu, mweupe zaidi, mdomo wake ni wa waridi na ncha nyeusi, huzamisha kichwa kina kirefu na kuchokora tope kwa miguu akitafuta wadudu na viumbe vidogo. Mdogo ni mfupi, waridi yake imekolea, mdomo wake kwa mbali huonekana mweusi wote ingawa ni mwekundu wa giza, na huchuja mwani karibu na uso wa maji. Kwa sababu vyakula vyao ni tofauti, unaweza kukuta mkubwa amebaki na mdogo amehama. Ukiona wakubwa watupu, ziwa limekuambia jambo kuhusu magadi yake. Wakipaa kwa ghafla bila gari kusogea, mtafute furukombe. Kwenye maziwa ya magadi amejifunza kuwawinda.

Beba daftari. Simu ina programu nzuri, Merlin hutambua hata milio na eBird hutunza orodha, na vitabu vipo. Cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki kinatosha kwa miaka mingi. Lakini daftari ndilo litakalokufanya utazame. Andika tarehe, saa, hali ya anga, mahali, aina, idadi, na mstari mmoja kuhusu maji: yamefika kwenye mti gani, mwamba gani, tope ni pana kiasi gani. Mstari huo ndio watu huuruka, na ndio utakaokufaa mwakani utakapojiuliza kwa nini vitwitwi hawapo pale walipokuwa.

Kundi kubwa usilikadirie kwa kubahatisha. Hesabu ndege kumi mmoja mmoja, tazama wanachukua nafasi gani ndani ya darubini, kisha hesabu vikundi kumi vya namna hiyo upate mia, halafu tembeza mia hiyo juu ya kundi zima. Rudia kutoka upande wa pili. Hesabu mbili zikipishana sana, rudia ya tatu. Watu wengi hukadiria pungufu kundi linapokuwa kubwa, kwa hiyo usiogope namba yako ikitoka juu.

Ustadi huo una kazi ya kufanya. Kila Januari, wageni wa kaskazini wakiwa wamejaa, ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa, na Kenya imekuwa ikifanya hivyo tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Shirika la Nature Kenya na Makumbusho ya Kitaifa hufanya kazi hiyo pamoja na watu wa kujitolea. Kwa anayeanza na yuko Nairobi, Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makumbusho. Nenda kwa muda, jifunze kutazama pamoja na waliokutangulia, kisha jiandikishe kwa hesabu ya Januari. Malipo ya mbuga hufanywa mtandaoni kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu, kwa hiyo yamalize usiku uliotangulia ili saa kumi na mbili ikukute langoni.